Merlin na wadakanzi wawili wanaochanganya kila mtu: inastahili nafasi kwenye simu?

Maksi kwanza ili mwenye haraka zake aondoke mapema: 4 kati ya 5. Programu ya kutambua ndege inaitwa Merlin, inatoka maabara ya ornitholojia (elimu ya ndege) ya Chuo Kikuu cha Cornell kule Ithaca, New York, ni ya bure, hakuna kulipia kila mwezi wala matangazo ya kukurukia usoni, na mi nimeipima kwa kitu kimoja tu ambacho ndo kinawatoa watu jasho Amerika Kaskazini kila ukifika mwezi wa tano na wa sita, yaani kumjua Alder Flycatcher ni yupi na Willow Flycatcher ni yupi.

Sikuipima kwa bundi wala kwa kigogota maana ndege wa namna hiyo anajitangaza mwenyewe, hata bila simu utamjua. Nilitaka mtihani wa kweli. Hawa ni wadakanzi, vijindege vya sentimita 13 hadi 17, uzito wake gramu 13 au 14 hivi, kazi yao kukaa juu ya kijiti, kuchomoka, kudaka mdudu hewani na kurudi palepale. Wako kwenye jenasi ya Empidonax yenye spishi karibu 15 na karibu zote zimevaa sare moja, mgongo wa kijani kilichofifia au kahawia, tumbo jeupe lenye umanjano kidogo, mistari miwili myeupe kwenye bawa, imeisha hiyo. Wengi wao ukishazoea unawatenga kwa umbo la kichwa, upana wa mdomo, urefu wa mkia, jinsi wanavyoutikisa. Ila hawa wawili, ndani ya kundi ambalo lote ni gumu, ndo wagumu kupita wote. (Na kabla mtu hajauliza, hawana undugu wa karibu na wadakanzi wa Afrika na Ulaya, ni familia nyingine kabisa, wamefanana kazi tu.)

Na ugumu wenyewe si wa wanaoanza peke yao. Audubon, yule mchoraji wa ndege wa Marekani, aliwaandika hawa kama ndege mmoja mwaka 1828 akampa jina la Traill, daktari mmoja wa Uskoti. Mwaka 1895 William Brewster, mtaalamu wa ndege wa Marekani, akawapatia hawa wa Alder jina lao la kisayansi, alnorum, lakini aliwaweka kama jamii ndogo tu ndani ya spishi ileile ya zamani. Miaka ikaenda, vitabu vikaendelea kuwasomba wote kapu moja kwa jina la Traill's Flycatcher, hadi akaja mtafiti Robert Stein ambaye kazi yake ya 1963 ilionyesha kwamba wanaoimba hivi na wanaoimba vile wanaweza kukaa bonde moja na kila mmoja akaoa kwao. Mwaka 1973 ndo wakatenganishwa rasmi kuwa spishi mbili. Hebu piga hesabu, toka Audubon ni miaka 145, na hao walikuwa watu wenye ndege mkononi, na rula, na makabati ya makumbusho yaliyojaa ngozi za ndege za kulinganisha.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya kichaka umepotea, usijione mjinga. Hata eBird, ile hifadhidata ya kumbukumbu za ndege iliyoanza 2002, nayo ya Cornell haohao, ina chaguo maalum la "Alder au Willow", unabonyeza hilo unaendelea na maisha. Na wale wanaotega nyavu na kuwavalisha ndege pete miguuni, wanaye mkononi kabisa anapumua, wana fomula za kupima bawa na mkia na mdomo, na bado ikifika kwa hawa wawili wengi wanaandika Traill's wanamwachia aende zake.

Macho tuyamalize haraka. Vitabu vinasema Alder ana kijani zaidi mgongoni na pete nyembamba ya weupe kuzunguka jicho inayoonekana kidogo, na Willow amekaa kikahawia zaidi na pete yake ni hafifu au haipo kabisa. Ni kweli, kwa wastani. Shida ya wastani ni kwamba ndege aliye mbele yako siyo wastani, ni yeye mmoja, manyoya yake yamechakaa au bado mapya, amekaa kivulini au jua limempiga, na Willow wa mashariki mwa bara anakuwa na kijani kuliko Willow wa magharibi ambaye ni kahawia haswa, sasa ukimlinganisha huyo wa mashariki na Alder unabaki na nini mkononi? Kuna muuzaji mmoja wa darubini, simtaji, alinihakikishia nikichukua ile ya bei mbaya nitawatofautisha hawa kwa macho. Lenzi nzuri itakuonyesha kwa usafi wa ajabu ndege wawili wasiotofautiana, basi. Pesa yako ibaki mfukoni, kwa kazi hii masikio ndo mpango mzima na masikio hayauzwi.

Sasa twende kwenye sauti maana hapo ndo hawa ndege wanaachana kweli na hapo ndo Merlin inaingia.

Willow anaimba vipande viwili, kama "FITS-byuu", kavu, yenye mkwaruzo, na nguvu yote iko mwanzoni, kile kipande cha kwanza kinachomoka kama chafya halafu cha pili kinashuka. Ana na toleo jingine, "fizz-byuu", na mara nyingine anatoa "kriit" peke yake inayopanda, anazichanganya hizo tatu anavyojisikia. Alder anaimba vipande vitatu, "fii-BII-o", nguvu iko kwenye cha pili, halafu ile "o" mwishoni ni fupi na dhaifu. Na yeye hana matoleo matoleo, ni huohuo mmoja kutwa nzima. Ukiwasikia mmoja baada ya mwingine kwa karibu huwezi kuwachanganya tena, yaani unajiuliza watu wanalalamikia nini. Tatizo maisha hayakuletei mmoja baada ya mwingine, yanakuletea mmoja, yuko mbali, upepo unavuma, na akili yako inaanza kujishauri, mmh, kile cha mwanzo kilikuwa na nguvu au mi ndo nimetaka kiwe na nguvu?

Na mbali ndo penye mtego wenyewe. Ile "o" ya Alder ni dhaifu kiasi kwamba umbali ukiongezeka inapotea njiani, kinachokufikia ni "fii-bii" ya vipande viwili, na kichwani umekariri kwamba vipande viwili ni Willow. Ndo maana mi nawaambia watu msihesabu vipande, sikilizeni nguvu imelala wapi. Mwanzoni, Willow. Katikati, Alder. Hesabu ya vipande inakudanganya lakini mkazo unasafiri mbali.

Kuimba ni habari ya majira ya kuzaliana tu. Nje ya hapo kuna milio mifupi ya kuitana, na yenyewe inatofautiana vizuri sana tena: Willow anasema "wit", laini na kavu, Alder anasema "pip", ngumu na ya mlio wa juu, kama kitu kinadondoka kwenye meza ya mbao. Mi binafsi naona hii milio ni dhamana nzuri kuliko hata wimbo kwa sababu anaitoa mwezi wowote, dume au jike. Ila angalizo, "wit" haikupi Willow moja kwa moja, yuko Least Flycatcher, mdogo wao, naye anasema "wit" vilevile, kavu zaidi na anairudiarudia haraka. "Pip" nayo magharibi utaisikia inayofanana nayo kwa Hammond's Flycatcher, mwenzao wa jenasi hiyohiyo. Kwa hiyo mlio unakutenganishia hawa wawili pale ambapo tayari umeshajua ni mmoja kati ya hawa wawili, na hapo mwili unasaidia, hawa wawili wana mdomo mpana na mabawa marefu, Least ni kadogo kenye kichwa kikubwa na pete ya jicho inayoonekana waziwazi.

Haya, Merlin yenyewe. Ilitoka 2014 ikiwa ni ya kukuuliza maswali, uko wapi, tarehe gani, ndege ana ukubwa gani, rangi gani, alikuwa anafanya nini, halafu inakupa orodha ya uwezekano. Hiyo sehemu bado ipo, na kwa wadakanzi hawa haina msaada wowote maana majibu yako kwa Alder na majibu yako kwa Willow yatakuwa yaleyale neno kwa neno. Kuna sehemu ya picha, unaipa picha inakutajia ndege. Kwa hawa wawili mi hata sipotezi muda nayo, siyo kwa ubaya, ila picha haina sauti na tofauti yao iko kwenye sauti, ukimpa bingwa yeyote duniani picha ya Traill's akakujibu bila kusita ujue anabahatisha kwa kujiamini. Sehemu ya tatu ndo iliyonifanya niandike haya yote, ile ya kusikiliza, ilikuja mwezi wa sita 2021 ikianza na ndege wa Marekani na Kanada.

Unavyoitumia ni rahisi mno, unafungua, unabonyeza kitufe cha kurekodi, unanyoosha simu, majina yanaanza kujitokeza kwenye skrini yenyewe, na kila ndege akirudia kuimba jina lake linawaka. Inafanya kazi bila bando kabisa mradi umeshapakua pakiti ya eneo lako kabla hujatoka, pakiti zenyewe ni kubwa, mamia ya MB, kwa hiyo tafuta waifai.

Watu wengi wanaishia kwenye hayo majina. Mi nasema majina ndo sehemu dhaifu kuliko zote kwenye hii programu, na nikisema dhaifu simaanishi inakosea, namaanisha ndo sehemu inayokufundisha kidogo kuliko zote. Dhahabu iko juu yake, ile michoro inayopita kwenye skrini wakati inarekodi, spektogramu, picha ya sauti ambapo muda unakwenda kwa upana na sauti nyembamba ziko juu, nzito ziko chini, na panapokuwa na nguvu pana weusi zaidi. Mashine yenyewe hivyo ndo inavyosikia, inaigeuza sauti kuwa picha halafu inaitambua picha kama zile programu za kutambua nyuso. Sasa kama mashine inaangalia picha, na we una macho, kwa nini usiangalie? Rekodi inabaki kwenye simu yako, ukifika nyumbani unaifungua taratibu, unaivuta, unaisikiliza huku unaitazama. Mkazo ambao sikio lilikuwa linabishana nao kichakani unauona umechorwa, uko mwanzo au uko katikati, na ile "o" ya Alder iliyopotea mara nyingi unaikuta imebaki kama kivuli kidogo mwishoni ambacho sikio liliruka.

Hapo ndo darubini ya bei mbaya inaposhindwa na simu ya kawaida.

Halafu kuna jambo jingine linalofanya hawa ndege wawili wawe mtihani wa haki kwa mashine, hili watu hawalizungumzii sana. Ndege wengi waimbaji wanajifunza nyimbo kwa kusikiliza wakubwa wao, ndo maana spishi moja inaweza kuwa na lafudhi ya huku na lafudhi ya kule, na mashine iliyofundishwa na rekodi za huku ikifika kule inayumba. Wadakanzi wa kundi hili hawajifunzi, wanazaliwa nao. Mtafiti wa nyimbo za ndege Donald Kroodsma aliwalea makinda ya Alder na Willow maabara mbali na wazazi wao na matokeo aliyoyachapisha 1984 yalikuwa hayo, walipokua kila mmoja aliimba wimbo wa spishi yake. Hata ukimsikilizisha kinda wa Alder wimbo wa Willow habadiliki, anakua anasema "fii-BII-o" yake. Maana yake wimbo uliorekodiwa upande mmoja wa bara unatumika upande mwingine, mashine haina lafudhi za kukariri, na we pia huna. Ukishakamata mkazo mara moja umekamata maisha yote. Kwa ndege wengine sina uhakika ningeipa 4, kwa hawa inastahili.

Sasa ile maksi moja niliyokata.

Kwanza, programu inatumia eneo ulilopo na tarehe kupima nani anawezekana na nani hawezekani, inachota kwenye kumbukumbu za eBird. Kwa ujumla ni akili nzuri. Alder anazaliana kaskazini, toka Alaska ukatambaa Kanada yote hadi Newfoundland na kushuka kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini na New England (majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani), Willow yuko kusini zaidi, toka Bahari ya Pasifiki hadi Atlantiki. Kwa hiyo ukiwa California wakati wa kuzaliana jibu lako ni Willow hata kabla hujatoa simu mfukoni, na ukiwa katikati ya Alaska ni Alder. Kwenye maeneo hayo programu yoyote itaonekana hodari. Penye kazi ni ule ukanda ambao wote wawili wapo, kusini mwa Ontario, New York, New England, pembeni mwa Maziwa Makuu, na pia wakati wa safari ambapo Alder anapita juu ya makazi ya Willow akielekea kwao. Hapo ramani haikusaidii na usiiache ikuamulie. Ukiona jina la Alder limetokea sehemu ambayo kila mwaka ni Willow tu, usifute na usishangilie, fungua rekodi tazama mkazo.

Pili, maiki ya simu. Siyo kosa la Merlin hili, ila utaliona kama lake. Hawa ndege wote wanapenda vichaka vya mahali pa majimaji, kandokando ya vijito na mabwawa (Willow anavumilia pakavu zaidi, Alder ni wa kulowa hasa), na penye maji pana kelele ya maji, na vyura, na upepo kwenye majani. Maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mdomo wa binadamu ulio karibu, ndege yuko mita 60 ng'ambo ya bwawa hapo unaiomba miujiza. Sogea kadiri unavyoweza bila kumsumbua, kaa na upepo mgongoni, acha kutembea, acha kuongea, acha kusugua koti lako la nailoni. Watu wanarekodi huku wanatafuna halafu wanailalamikia programu. Ukitaka kwenda mbele zaidi kuna maiki ndogo za nje za kuchomeka kwenye simu, zinabadilisha kabisa ubora wa hiyo michoro, ila kwa hawa wawili ndege akiwa karibu huihitaji.

Tatu, ukimya. Hii ndo kubwa. Wadakanzi hawa wanachelewa kufika, Willow anaanza kuonekana kwenye wiki za katikati za mwezi wa tano na Alder mara nyingi ni mwishoni mwa mwezi huo, na ikifika mwezi wa nane wengi wanaanza kuondoka, Willow anaelekea Meksiko, Amerika ya Kati hadi kaskazini mwa Amerika Kusini, Alder anavuka wote hao anakwenda kukaa Amerika Kusini. Kipindi cha kuondoka wanapita kimyakimya, ndege amekaa kijitini dakika kumi anadaka wadudu hafungui mdomo. Programu ya kusikiliza haina cha kusikiliza. Hapo mi nasubiri "wit" au "pip" moja tu, na isipotoka naandika Alder au Willow natembea. Wapo wanaokataa, wanataka lazima kila ndege awe na jina, hao ndo wanaojaza orodha kwa kubahatisha pete ya jicho.

Sasa jambo ambalo nataka mlisome vizuri maana linaweza kukuletea kesi. Ndani ya Merlin kila ndege ana rekodi zake za sauti, za wimbo na za mlio, ni nzuri, ndo darasa bora la kujifunzia kabla ya kutoka. Sikiliza nyumbani, sikiliza na spika za masikioni. Usiende kuzipiga kwa spika kichakani ili ndege ajibu. Najua inavutia, ndege wa eneo lake akisikia mwenzake anaimba anakuja mbio na hasira, na kweli kwa hawa wawili inafanya kazi, ndo maana inavutia. Lakini unamtoa kwenye kiota na chakula akapigane na simu. Na kusini magharibi mwa Marekani, California kusini, Arizona, New Mexico na jirani zao, kuna jamii ndogo ya Willow, extimus, iliyowekwa na serikali ya Marekani kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1995. Hao wanahesabiwa na wataalamu kwa kupiga rekodi kwa utaratibu maalum, na wataalamu wenyewe wanahitaji kibali cha kufanya hivyo. We na simu yako huna kibali.

Habari ya huyo extimus ni ndefu na inasikitisha kidogo, mito imekaushwa na mabwawa na mashamba, vichaka vya asili vimekwisha, mti wa kigeni uitwao tamariski umejaa kandokando ya mito na ndege kwa kukosa pengine wameanza kujenga humo. Halafu serikali ikawa inaachia mbawakawa wanaokula tamariski, nia njema kabisa, kumbe wanavua majani juu ya viota. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2010 lakini mbawakawa hawajui kusitishwa, waliendelea kusambaa wenyewe. Nimetoka nje ya mada, ila ukiona kwenye ramani ya programu Willow yuko kila mahali Marekani usidhani wote wana hali nzuri.

Mengine madogo. Betri, kurekodi muda mrefu kunakula chaji, usiiache inasikiliza asubuhi nzima, rekodi vipande vifupi pale ndege anapoimba, pia vipande vifupi ni rahisi kuvitafuta baadaye kwenye simu. Memori nayo, rekodi zinahifadhiwa kwa ubora mkubwa kwa hiyo zinajaza simu, futa zile za upepo mtupu. Ramani na maelezo ya kila ndege ni mafupi lakini yanatosha. Unaweza kuweka orodha yako ya maisha humohumo. Alama zinazoonyesha nani ni wa kawaida eneo lako na nani ni adimu ziko wazi, ziheshimu.

Kitu ambacho Merlin haiwezi kukuonyesha na mi nakipenda ni viota. Willow mara nyingi anajenga kikombe kilichobana, nadhifu, chenye pamba pamba za mimea, kwenye panda ya tawi, na Alder anajenga chini zaidi, ovyo ovyo, na nyuzi za majani zinaning'inia chini ya kiota kama hakumaliza kazi. Stein naye aliliona hilo. Usikitafute kiota kwa ajili ya kutambua ndege, wacha kabisa, lakini ukikikuta mwezi wa kumi na moja majani yameshapukutika na wenyewe wako maelfu ya kilomita kusini, kitazame.

Nani aichukue? Anayeanza, aichukue leo, lakini ajilazimishe kukisia mwenyewe kabla hajatazama skrini, kwa sauti kabisa, "huyu Willow", ndo atazame. Aliyebobea, aichukue kama kinasa sauti chenye spektogramu, hayo majina ayapuuze akitaka. Mpiga picha ambaye ana picha elfu za hawa ndege bila sauti hata moja, itamsaidia kuanzia msimu ujao, zile za zamani azipe tu jina la Traill's. Na wale wa pete na nyavu wana fomula zao, sina la kuwaambia.

Kabla hujatoka: pakua pakiti ya eneo lako, ruhusu maiki na eneo kwenye mipangilio ya simu, sikiliza rekodi za wote wawili pamoja na Least mara kadhaa usiku wa kuamkia, na ufike kichakani mapema kabla jua halijachomoza maana huo ndo wakati wanaimba bila kupumzika na upepo bado haujaamka.